Mkutano Mmoja, Matangazo Mawili

Je, sheria ya utangazaji ya Zanzibar ipanuliwe ifike mtandaoni? Kisa ninachokichambua hapa ili kulijibu swali hilo ni cha kutunga, kama walimu wa sheria wanavyowatungia wanafunzi wao, lakini sidhani kama kina kipande ambacho mtu wa Pemba atakiona kigeni. Ni mkutano wa wananchi pembezoni mwa Chake Chake, Jumamosi mchana, kuhusu eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ambazo sasa zinakatwa viwanja. Vijana watatu wenye chaneli ya mtandaoni wamekuja na kamera mbili, laptopu na simu ya kutoa bando. Siku nyengine hurusha mpira kutoka Gombani, maulidi, harusi na mchezo wa ng'ombe. Leo wanarusha mkutano, mubashara, YouTube na Facebook kwa pamoja. Redio ya jamii yenye leseni imewaomba sauti, basi waya mmoja umetoka kwenye miksa ya vijana kwenda kwenye kifaa cha redio, na maneno yale yale yanakwenda hewani kwa FM.

Anasimama mzee mmoja, anapewa maikrofoni. Anasema sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, amepokea fedha ili atie saini mauzo ya eka isiyokuwa ya muuzaji, na anamtaja kwa jina. Mtangazaji wa redio, mtu wa siku nyingi kwenye kazi, anashusha sauti baada ya sentensi mbili, anawaomba radhi wasikilizaji na kusema kituo hakijayathibitisha madai hayo. Vijana hawana mtangazaji. Kamera inaendelea, mzee anamaliza yote aliyokuja nayo, watu wanapiga makofi. Usiku mtu asiyejulikana anakata kipande kifupi, anakitia kwenye makundi ya WhatsApp, na asubuhi kimeshafika Muskat. Sheha anasema ni uongo mtupu.

Anachokitaka sheha si kikubwa. Anataka naye asikike, na wale waliomsikia akituhumiwa wamsikie akijibu. Redioni anapokelewa na meneja: "Karibu sheha, pole na yaliyokufika. Rekodi tunayo, tuandikie barua." Kwa vijana, mkubwa wao anamjibu kwa adabu iliyochanganyika na hofu: "Shikamoo mzee. Sisi hatukusema kitu, aliyesema ni yule babu. Na tukiifuta video watu watasema tumehongwa." Sheha anauliza: "Basi mie niende wapi, wanangu?"

Upande wa redio mambo yamenyooka. Sheria Na. 7 ya 1997 ndiyo iliyounda Tume ya Utangazaji Zanzibar. Kituo kina leseni, leseni ina masharti, na mwenye leseni ana kitu cha kupoteza. Meneja anajua kwamba akiipuuza barua ya sheha, barua ya pili itatoka Tume. Kwa hiyo anampa sheha nafasi katika kipindi kile kile, saa ile ile, na mambo yanakwisha kabla ya Ijumaa. Sisemi kwamba sheria hii ni nzuri. Kwa miaka kadhaa Kamati ya Masuala ya Habari Zanzibar, chama cha waandishi wa habari wanawake TAMWA Zanzibar na wadau wenzao wamekuwa wakidai sheria mpya ya habari itakayochukua nafasi ya hii ya 1997 na ile Na. 5 ya 1988 ya magazeti na vitabu, na moja ya hoja zao ni kwamba Tume imekaa karibu mno na waziri. Hoja hiyo naikubali. Hata hivyo, kwa sheha huyu, siku hii, sheria kongwe imefanya kazi yake.

Upande wa vijana ndipo panapochafuka. Sheria ya 1997 iliandikwa wakati kutangaza maana yake ni kuwa na studio, mnara na masafa. YouTube ilikuja miaka minane baadaye. Tuchukue njia zote mbili ambazo mtu anaweza kuisoma.

Njia ya kwanza ni kusema kwamba kurusha mkutano kwenye YouTube ni utangazaji kama utangazaji mwengine wowote. Ikiwa hivyo, vijana wametangaza bila ya leseni, na kosa lao lilianza kabla hata babu hajasimama. Lakini shangazi wa bwana harusi wa Wete anayewasha Facebook ili ndugu wa Dubai waone biharusi anavyotolewa naye ametangaza bila ya leseni, na ustadhi anayesomesha tafsiri kila baada ya magharibi kwa simu iliyoegemezwa kwenye mswahafu vile vile. Hakuna hakimu atakayependa kuufikia mwisho wa njia hiyo. Tume inaweza kujaribu kupunguza makali kwa kanuni au waraka, ikasema hawa wamo na wale hawamo, lakini kanuni haiwezi kupita sheria iliyoizaa. Kama sheria mama haina kipimo cha kumtenga shangazi na kituo cha habari, kanuni inakuwa hiari ya afisa aliyepo siku hiyo.

Njia ya pili ni kusema si utangazaji kabisa. Hapo redio yetu ya jamii inajiona imefanywa mjinga. Inalipa ada, inaweka rekodi, ina mhariri, inajibu barua, ilhali sauti ile ile kutoka miksa ile ile inakwenda kwa watu wengi zaidi bila ya sharti lolote. Tena redio yenyewe siku hizi inasikika kwa intaneti. Msikilizaji wa Micheweni anaipata kwa FM, mwanawe aliyeko London anaipata kwa simu. Kama kilichomo ndani ya intaneti hakihusiki, basi kituo kimoja kina sheria kwa mama na hakina sheria kwa mtoto, na mwenye akili ya biashara atazima mnara na kuhamia kusikoulizwa.

Watu wengi wakifika hapa husema: basi vijana wako huru, na uhuru ni jambo jema. Hili ndilo kosa ninalotaka kulisahihisha, kwa sababu vijana hawako huru hata kidogo. Kutokuwamo kwao katika sheria ya utangazaji hakuwatoi katika sheria ya jinai. Sheria ya Makosa ya Mtandao, Na. 14 ya 2015, inatumika Bara na Zanzibar, isipokuwa kifungu chake cha 50. Kifungu cha 16 kinamgusa anayechapisha kwa kompyuta taarifa ya uongo au ya kupotosha kwa nia ya kukashifu, kutisha au kudanganya, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mwendesha mashtaka atapaswa kuithibitisha nia, na kwa vijana waliosimama nyuma ya kamera hilo si rahisi. Lakini kabla ya kufika huko kuna kuitwa polisi, simu na laptopu kuchukuliwa kuwa vielelezo, na kazi kusimama kwa miezi.

Yaani kwa maneno yale yale ya babu yule yule, redio yenye leseni inaandikiwa barua, na vijana wasio na leseni wanaandikiwa hati ya mashtaka. Na sheha naye hakupata alichokitaka, kwa sababu kesi ya jinai haimpi dakika kumi za kujibu mbele ya wasikilizaji wale wale. Kifungu cha 45 cha sheria hiyo kinampa njia laini kidogo: aliyeathirika anaweza kumpelekea mtoa huduma taarifa ya kutaka maudhui yaondolewe. Ni njia ya kufuta, si ya kujibu, na anayeandikiwa ni kampuni ya ng'ambo isiyojua eka ni nini wala sheha ni nani. Kuna pia Baraza la Habari Tanzania, chombo cha hiari kilichoanza mwaka 1995, ambacho kazi yake moja ni kusuluhisha malalamiko dhidi ya vyombo vya habari. Mimi ningemwelekeza sheha huko kwanza. Ila hiari ni hiari, na kijana anayeamini kwamba yeye si chombo cha habari hatajiona ameitwa.

Kwa hiyo ninaposema sheria ya utangazaji ipanuliwe ifike mtandaoni, sisemi ili vijana wabanwe. Nasema ili kati yao na kituo cha polisi pawe na mlango mwengine.

Upanuzi wenyewe unagonga ukuta wa Katiba. Orodha ya mambo ya Muungano, katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano, inataja posta na simu. Utangazaji haumo. Ndiyo maana Zanzibar ina Tume yake na Bara ina TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na ndiyo maana Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inaishia Bara. Si jambo la juzi: Unguja ilikuwa na redio yake tangu 1951 na televisheni ya rangi tangu 1973, wakati Bara ilisubiri televisheni hadi miaka ya 1990. Mgawanyo huo ulikuwa rahisi kuusimamia pale waya wa simu na mnara wa televisheni vilipokuwa vitu viwili. Sasa matangazo ya vijana wetu yanapita ndani ya bando. Bomba ni la Muungano, kilichomo ndani ya bomba ni cha Zanzibar. Intaneti ilipozimwa wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2025 ilizimwa nchi nzima, na hakuna chombo cha utangazaji cha Zanzibar ambacho kingeweza kuiwasha. Mswada wowote wa Baraza la Wawakilishi utakaojaribu kuziamuru kampuni za simu juu ya bomba utaambiwa umevuka mpaka. Utakaoshughulika na mwenye kupanga na kuchagua kinachorushwa, akiwa Zanzibar, uko nyumbani kwake.

Na hata ndani ya Zanzibar milango ni mingi kuliko inavyodhaniwa. Vijana wale wale wakirusha igizo wanaingia eneo la Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, lililoundwa kwa Sheria Na. 7 ya 2015. Wakirusha harusi yenye taarab wanakutana na haki za wapigaji na watunzi, chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2003 na COSOZA, chombo cha hakimiliki cha Zanzibar. Mpira una wenyewe. Sitaingia huko, ila mtunga sheria asijifanye hajaiona milango hiyo halafu akaongeza wa tano wenye ada yake.

Bara walishatangulia katika hili, na njia yao inafundisha zaidi kwa pale ilipowabidi kurudi nyuma. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilidai leseni kwa blogu, redio na televisheni za mtandaoni: shilingi 100,000 za maombi, milioni 1 ya leseni, na milioni 1 nyengine kila mwaka. Juni mwaka ule JamiiForums, jukwaa la mijadala la mtandaoni, ilisitisha huduma kwa muda, na waandishi wadogo wa blogu wakanyamaza. Kanuni zikaandikwa upya 2020, zikarekebishwa 2022, na wigo wa wanaotakiwa leseni ukapunguzwa. Walianza kwa kufunga kila dirisha, kisha wakatumia miaka minne kufungua moja moja. Milioni 1 kwa mwaka, kwa vijana wa Chake Chake wanaolipwa kwa harusi, maana yake ni kuacha kurusha mikutano na kubaki na harusi tu. Mikutano haina mlipaji.

Nchi iliyobishana juu ya jambo hili hadharani kuliko nyingi ni Kanada. Sheria yao ya utangazaji ilikuwa ya 1991. Mswada wa kwanza wa kuwaingiza watoa huduma za mtandaoni, C-10, uliletwa Novemba 2020 ukafa Bunge lilipovunjwa 2021. Wa pili, C-11, uliletwa Februari 2022 na ukawa sheria Aprili 2023. Kilichowapotezea muda ni shangazi wetu wa Wete: je, video ya mtu binafsi ni kipindi cha utangazaji? Kifungu kilichomlinda mtu binafsi kilitolewa katika mswada wa kwanza, kelele zikapanda, na hata baada ya sheria kupita serikali ililazimika, Novemba 2023, kuielekeza tume yao, CRTC, isiwaguse watengenezaji wa maudhui wa mitandao ya kijamii. Mwenye jukwaa ndiye anayeulizwa, si anayepakia video.

Hilo nalichukua nusu. Kanada shabaha yao ni majukwaa makubwa, kwa sababu wana ubavu wa kuyaita mezani. Zanzibar, yenye watu 1,889,773 kwa sensa ya 2022, haiwezi kuiandikia YouTube barua ikatetemeka. Lakini kati ya jukwaa na shangazi kuna mtu wa tatu ambaye mjadala wa Kanada ulimpita kwa haraka, na ndiye wa kisa chetu: chaneli ndogo yenye jina, nembo, ratiba na wafuasi, inayofanya kazi ya kituo cha habari bila ya kujiita hivyo.

Mtu huyo wa tatu atambuliwe vipi? Nchi za Ulaya zimeegemea kipimo ambacho naona kinafaa Pemba kama kinavyofaa kwengine: nani anaamua kipi kirushwe na kipangwe vipi. Anayefanya hivyo kwa umma, mara kwa mara, kwa jina la chaneli, ndiye mwenye uhariri, na wajibu uwe wake. Vijana wetu wamo. Shangazi hayumo, kwa sababu arusi moja haimfanyi kuwa na chaneli. Ustadhi yuko mpakani, na mimi ningemwacha nje mpaka atakapoanza kurusha habari. Najua wapo watakaosema mawaidha nayo yanaweza kuchoma nyumba. Yanaweza, na sheria za hilo zipo tayari.

Aliyemo asitakiwe leseni. Hapa sipatani na wenzangu wengi wa upande wa serikali. Leseni ya redio ina sababu yake: masafa ni machache, ni mali ya umma, na ukimpa mmoja umemnyima mwengine. Kwenye intaneti hakuna anayenyimwa. Kinachohitajika ni kujiandikisha, bila ya ada au kwa ada ya karatasi, na kutaja vitu vitatu ambavyo sheha alivikosa Jumapili ile: jina la mhariri, mahali pa kupeleka lalamiko, na rekodi itakayokaa siku za kutosha. Kisha haki ya kujibu itolewe pale pale tuhuma zilipotoka, yaani kwenye chaneli ile ile, na kiungo chake kiwekwe juu ya video ya awali ili atakayeiona moja aione na ya pili. Ufutaji uwe hatua ya mwisho. Kijana alisema kweli: akifuta ataambiwa amehongwa, na tuhuma itabaki kwenye simu za watu bila ya jibu.

Mubashara unahitaji sentensi yake peke yake, kwa sababu hakuna mhariri anayejua babu atasema nini. Ningeandika kwamba mwenye chaneli hawajibiki kwa neno la ghafla la mtu aliyepewa maikrofoni ikiwa alikuwa na mtu wa kukata sauti na alichukua hatua alipoambiwa. Na kwamba malalamiko yapite Tume kwanza kabla ya polisi, ila penye uchochezi wa kumwaga damu au udhalilishaji wa mtoto. Mtangazaji wa redio alihitaji sentensi mbili kutambua hatari. Ujuzi huo unafundishika, na kituo cha jamii kinaweza kuwafundisha vijana wale kwa wiki moja ya jioni.

Suala la fedha, ambalo ndilo roho ya sheria ya Kanada, kwetu ni fupi. CRTC iliamua Juni 2024 kwamba huduma kubwa za mtandaoni, zenye mapato ya dola za Kanada milioni 25 au zaidi kwa mwaka nchini humo, zichangie asilimia 5 kwa maudhui ya nyumbani. Makampuni yakaenda mahakamani. Asilimia 5 ya wanachokitoa wanaolipia filamu za mtandaoni Unguja na Pemba haitajenga hata studio moja. Tangu 2022 ipo kodi ya asilimia 2 kwa watoa huduma za kidijitali wasio wakaazi, na kwa kuwa kodi ya mapato ni jambo la Muungano, inakusanywa na Serikali ya Muungano. Mwakilishi anayetaka fedha za vipindi vya Kizanzibari aulize fungu la humo badala ya kutunga tozo mpya itakayoishia kwa vijana wenye kamera mbili.

Kinachobaki ni jambo ambalo Baraza la Wawakilishi haliwezi kulimaliza peke yake. Chaneli iliyojiandikisha Tume, ambayo mhariri wake yuko Chake Chake na watazamaji wake wengi wako Dar es Salaam, inaweza kuandikiwa na TCRA kwa lalamiko la mtu wa Temeke. Bila ya makubaliano ya maandishi kati ya vyombo viwili, yanayosema lalamiko linapokelewa kule aliko mhariri na upande wa pili unalikubali jibu hilo, vijana watajibu mara mbili na huenda wakalipa mara mbili. Makubaliano hayo hayahitaji kugusa Katiba wala kusubiri mswada. Yanahitaji wakurugenzi wawili na ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa kila upande, na yanaweza kuanza kwa televisheni za mtandaoni peke yake.